Madebe mawili ya bolti: za kuweka, za kutupa, na za kumpa shemeji

Swali: Assalaam alaikum fundi, shikamoo. Mie nipo Wete, Pemba. Nina banda nyuma ya nyumba, natengeneza Vespa yangu, pikipiki na gari za jirani, na mashine ya boti ya mjomba. Kila nikifungua kitu hubaki bolti na nati, nazitia kwenye debe. Sasa yamefika madebe mawili na ndoo ya rangi, nusu yake kutu, na nikitaka bolti moja inabidi nimwage zote chini. Shemeji yangu ananunua chuma chakavu, kila akija anazipiga jicho, anataka kuzichukua zote kwa kilo. Nimpe? Na kama niweke, niweke zipi na vipi, na zipi nisithubutu kuzirudisha kwenye chombo?

Jibu: Waalaikum salaam, marahaba mwanangu. Usimpe zote, wala usiweke zote. Kwa ulivyonieleza, sehemu kubwa ya mzigo huo ni haki ya shemeji. Lakini katikati yake mna vitu ambavyo ukivitoa leo utakuja kuvitafuta kwa tochi, na yeye atakuwa keshavisafirisha.

Tuanze na mahali ulipo, maana ninavyomjibu mtu wa Darajani sivyo ninavyokujibu wewe. Anayekaa mjini Unguja akihitaji bolti ya kawaida ya M8, yaani yenye mwili wa milimita 8, anavuka barabara anaipata mpya, na nati yake na washa yake. Huyo nikimkuta na debe namwambia toa. Wewe uko Wete. Vya kawaida unavipata hapo hapo au Chake, lakini kikikosekana inabidi uagize Unguja au Dar es Salaam, usubiri chombo, na mara nyingi kinachokuja sicho, kwa sababu uliyemwagiza alipewa maelezo kwa simu: "bolti namba 14, ndefu ndefu kidogo." Pikipiki ya mtu imelala kwa ajili ya bolti moja. Hapo ndipo akiba inapolipa.

Sasa tazama watu wanavyoweka. Debe la gereji bubu limejaa bolti zilizotoka kwenye vitanda, mageti na mapaa, yaani zile zile zinazouzwa kila duka. Vile vidude vya ajabu ajabu, bushi fupi, spesa, bolti yenye bega, klipu ya plastiki, springi ndogo isiyojulikana ilikotoka, vinafagiwa na taka kwa sababu "hichi cha nini?" Mie nakwambia geuza. Kinachouzwa dukani kiweke kidogo tu, cha kukuvusha siku ya Ijumaa maduka yamefungwa. Kisichouzwa kiweke chote, madhali ni kizima.

Chukua charahani. Skrubu za Singer za zamani zina hesi, yaani meno, za kiwanda chenyewe. Hakuna skrubu ya dukani itakayoingia hata ukiibembeleza. Charahani bovu likitupwa, kwanza livue skrubu zote, kisha ndiyo liende. Baiskeli nayo ina mitego yake: vikombe vya ekseli ya pedeli vya Raleigh ya zamani vina meno 26 kwa inchi, wakati baiskeli nyingine nyingi zina 24, na kwa macho huwezi kuvitenganisha. Ile bolti yenye tundu ndani inayopitisha mafuta ya breki, ukiitoa kwenye pikipiki iliyokufa ikiwa safi, ni mali. Klipu za plastiki za bampa na za milango ya Toyota, hata zilizotumika, weka, kwa sababu hukatika kila bampa likifunguliwa. Na vile vibati vyembamba vya kushikia waya na paipu ambavyo kila mtu huvitupa ndivyo vinavyozuia paipu ya mafuta isisugue bodi mpaka ikatoboka.

Hesi za kushoto, zile zinazokazwa kwa kuzungushia kushoto, zipe kopo lake peke yake, uandike KUSHOTO kwa herufi kubwa. Utazipata kwenye pedeli ya kushoto ya baiskeli, kwenye nati ya upande wa kushoto wa grainda ya mezani, na kwenye viungo vingi vya mitungi ya gesi. Zikichanganyika na nyingine, siku moja kijana wako atakaza akidhani analegeza, na atakaza kwa nguvu zake zote.

Vitu vya gesi lakini, regulata na viungo vyake, sikushauri uviweke kama akiba hata kidogo. Kilichochakaa kwenye gesi kitoke.

Tuje kwenye kujua ulichonacho, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo madebe yanapowashinda watu.

Kinachovuruga mambo kwanza ni kuiita bolti kwa namba ya spana. Namba ya spana ni kichwa tu. M8 ya Vespa ina kichwa cha 13, na M8 ya Honda au Toyota aghalabu ina kichwa cha 12, lakini mwili ni ule ule. M10 ya Kijapani utaifungua kwa 14, ya Ulaya kwa 17 au 16. Kwa hiyo pima mwili, upana wa juu ya meno, kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili. Ukipata 7.8 au 7.9 hiyo ni M8, maana bolti hutengenezwa pungufu kidogo ili iweze kuingia. Vernia ya plastiki inatosha kabisa kwa kazi hii.

Halafu meno. Weka bolti kando ya rula, lenga ncha ya jino moja kwenye alama ya sifuri, uhesabu nafasi 10 kwenda mbele. Zikifika milimita 10, kila jino limeachana na mwenzake milimita moja: hiyo ndiyo M6 ya kawaida. Zikifika 12 na nusu, ni hatua ya 1.25, ambayo ni M8 ya kawaida. M10 ya dukani ni 1.5, kwa hiyo nafasi 10 zitakula milimita 15. M12 ya dukani ni 1.75.

Sasa sikiliza vizuri. M10 nyingi za magari na pikipiki za Kijapani si 1.5, ni 1.25. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukataka M10, utapewa ya 1.5. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, utadhani ni uchafu, utaweka spana, na kama tundu lenyewe liko kwenye alumini umeshaliua. Ndiyo maana bolti ya M10 yenye meno ya 1.25 iliyotoka kwenye Toyota ina thamani kwako kuliko kilo nzima ya bolti za mageti. Hiyo iwekee kopo lake.

Nati za matairi ni hadithi hiyo hiyo, na hii ni ya kuua mtu. Toyota ndogo nyingi zina M12 yenye hatua ya 1.5. Suzuki, pamoja na zile Carry, zina M12 yenye hatua ya 1.25. Zinakaribiana mno kwa macho, na kwenye debe zinalala pamoja. Nati ya moja ukiilazimisha kwenye nyingine itakula meno machache na itaonekana imekaza. Tairi litakwambia ukweli njiani. Zitenganishe leo, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Utazame pia uso wa nati unaogusa rimu: kuna uliochongoka na kuna ulio bapa wenye washa, na huu hauwezi kusimama badala ya ule.

Kama huna rula iliyonyooka, iko njia ya mikono mitupu. Chukua bolti unayoijua, ilaze ubavu kwa ubavu na usiyoijua, meno kwa meno, uzinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Zikiwa sawa zitaumana kama vitana viwili na hutoona mwanga katikati. Zikitofautiana, upande mmoja utaumana na kadiri unavyosogea upande wa pili utaona mwanga unapenya, kidogo, kisha zaidi. Fanya hivyo kwenye urefu wa kutosha. Kwenye meno matatu bolti zote ni ndugu.

Na za inchi zimo humo, sina shaka. Visiwa hivi vilikuwa chini ya Uingereza tangu 1890 mpaka 1963, na mashine za Kiingereza zilizoachwa, pampu, Land Rover, injini za kusaga, zimekuwa zikivuliwa bolti tangu hapo. Bolti ya inchi 5 kwa 16 (5/16) ina upana wa milimita 7.94, kwa hiyo vernia itakudanganya kuwa ni M8. Lakini ya meno makubwa ina meno 18 kwa inchi, yaani karibu milimita 1.41 kila moja, na nati ya M8 haitapanda. Zaidi ya hapo ziko za Whitworth, mfumo ambao Joseph Whitworth aliupendekeza mwaka 1841: meno yake yana pembe ya nyuzi 55, wakati ya milimita na ya Kimarekani yana nyuzi 60. Baadhi ya saizi idadi ya meno kwa inchi ni sawa kabisa, nati inapanda bila ya kelele, ila meno hayakaliani sawasawa. Kwa kufungia benchi, sawa. Kwa kubeba mzigo, hapana. Kama hakuna jirani mwenye Land Rover ya zamani wala pampu ya Kiingereza, za inchi mpe shemeji. Kama yupo, mpelekee yeye, atakushukuru.

Baada ya saizi, nguvu. Sugua kichwa kwa brashi ya waya utazame maandishi. Bolti ya milimita iliyoandikwa 8.8 maana yake chuma chake hukatika kwenye mkazo wa megapaskali 800, na huanza kuvutika bila ya kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Kwa M8 hiyo ni karibu tani 3 kabla haijakatika. Ya 4.8 inabeba takriban nusu yake. Za 10.9 na 12.9 ni ngumu zaidi. Zile nyeusi za kufungulia kwa funguo ya elen mara nyingi ni 12.9. Za Kimarekani hazina namba, zina mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kwenye za Kijapani, hasa za Toyota, utaona namba moja tu kama 4 au 7 imepigwa juu, na inayokwenda juu ndiyo ngumu. Kichwa kitupu kisicho na alama yoyote kihesabu ni chuma laini, hata kama kinang'aa.

Watu wengi wakishajua hili hukimbilia kuweka bolti ngumu kila mahali. Tahadhari. Mashine ya boti ya mjomba wako, ikiwa ni ndogo ya zamani, huenda ina pini inayoshika rafadha kwenye shafti. Ile pini ni laini kwa makusudi: rafadha ikigonga mwamba au gogo, pini inakatika na gia zinasalimika. Ukikosa pini ukaweka kipande cha bolti ya 8.8 au kipande cha ncha ya drili, siku rafadha itakapogonga kitakachokatika ni gia, na gia ya mashine hutoiokota kwenye debe la mtu yeyote Pemba. Pini hizo nunua zake khasa, funga mbili tatu kwenye mfuko, ziishi ndani ya boti. Si bandani kwako.

Umeuliza zipi usithubutu kuzirudisha. Breki na stelingi: usiweke bolti ambayo huijui ilikotoka, hata kama saizi na alama ni zenyewe. Iliyotoka hapo hapo, ikiwa haina dosari na kitabu cha gari hakisemi ibadilishwe, inarudi. Ya debeni hapana. Bolti za silinda hedi za magari mengi ya siku hizi hukazwa mpaka zikavutika kidogo, ndivyo zilivyokusudiwa, na zikishafunguliwa kazi yake imekwisha. Hizo wala usiziweke debeni, maana zinavutia sana kwa ugumu na urefu wake na utashawishika. Kota pini ni ya mara moja. Nati yenye ringi ya nailoni, ukiweza kuipandisha yote kwa vidole, haikazi tena, na hata ikiwa mpya usiitie karibu na ekzosi, nailoni haivumilii joto lile. Pale ekzosi weka nati za shaba, ambazo hazigandi. Washa ya alumini ya plagi ya oili mara ikibanwa basi. Ya shaba nyekundu unaweza kuilainisha: ipashe moto mpaka iwe nyekundu, ichovye majini, isafishe, iko tayari.

Bolti iliyovutika utaijuaje? Chukua nati mpya, ipandishe kwa vidole mwanzo mpaka mwisho. Ikienda laini, ikakaza katikati, ikalegea tena mbele, bolti hiyo imevutika pale ilipokaza. Iende chakavu. Vile vile iliyopashwa moto ikawa nyekundu ili ifunguke, maana ugumu wake umeondoka na moto, na iliyoliwa na kutu mpaka meno yamekuwa membamba kwa ncha. Kichwa kilichozunguka pia. Mie siviweki, kwa sababu bolti ya namna hiyo utaifunga kwa shida leo na utaifungua kwa tindo kesho.

Sasa kutu, adui wetu sote tuliozungukwa na maji. Chumvi ya bahari hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo bolti iliyotoka kwenye boti ukiitia oili juu ya chumvi yake umeifunika ugonjwa ndani. Ioshe kwa maji ya kisima kwanza, au ya mvua, ikauke juani, ndipo upake. Zenye kutu kidogo ziloweke kwenye siki usiku mmoja, au maji ya ukwaju yaliyokolea ikiwa siki imekuishia, kisha zisugue, zisuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali uishe, zikaushe, uzipake oili siku hiyo hiyo. Ukiziacha mpaka kesho zitaota kutu ya rangi ya chungwa. Jua pia kwamba siki huondoa na ile ngozi ya zinki, kwa hiyo bolti nyeupe au ya manjano ikishalowekwa haina tena kinga yake ya kiwandani.

Lakini za 10.9 na 12.9 usizitie kwenye siki, ndimu wala maji ya betri. Tindikali ikila chuma hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikiingia ndani ya chuma kigumu namna hiyo hukifanya kivunjike ghafla, pengine siku chache baada ya kukazwa, bila ya kuonesha dalili. Hizo ni brashi ya waya na mafuta ya taa tu. Na kwa kuwa najua banda la fundi haliishi bila ya welding: bolti iliyochovywa zinki usiichomee kabla hujaisaga zinki yote ikatoka. Moshi wake mweupe unaleta homa ya usiku mzima.

Za kupaka: oili mpya ya gia au ya injini, kidogo tu. Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini ina tindikali ndani yake na ni mbaya kwa ngozi ya mikono, ingawa ndiyo inayopatikana bure. Mafuta ya kupikia na ya nazi usitie. Yataganda yatanata, na mende watakuja. Kutia: makopo na chupa za plastiki zenye mfuniko wa kusokota, zenye kuonekana ndani. Mifuniko ya bati huota kutu yenyewe kabla ya bolti. Usifunge kwenye gazeti, linashika unyevu. Usiweke sakafuni kwenye saruji, wala karibu na pale unapochaji betri, maana mvuke wake unakula chuma. Kama una vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye viatu na mabegi, tia kimoja kwenye kila kopo kabla ya masika.

Stenlesi itenge, nayo sumaku itakusaidia nusu ya njia. Bolti ya stenlesi haivutwi, au huvutwa kidogo tu kwa sababu ilipondwa wakati wa kutengenezwa. Lakini sumaku haitakwambia ni A2 au A4, hiyo utaisoma kichwani: A2-70, A4-80 na mfano wa hayo. A4 ndiyo ya baharini. A2 ni nzuri nchi kavu, ila ikikaa kwenye maji ya chumvi huota madoa ya kahawia. Zote mbili zina tabia ya kuumana, nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi, kavu, ikikazwa mbio hushikana usiitoe tena mpaka uikate. Tia grisi, kaza polepole. Na stenlesi ndani ya alumini ya mashine ya boti, pamoja na maji ya bahari, alumini inaliwa na bolti inagandia humo. Grisi ya baharini kila unapofunga, bila ya kuruka hata mara moja. Klempu za mipira zikague mara mbili: mara nyingi mkanda ni stenlesi lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida. Gusisha sumaku kwenye skrubu.

Sasa namna ya kupanga. Usinunue makabati yenye droo hamsini, utayajaza kwa wiki moja na utayaacha kwa mwezi. Kwa banda la ukubwa wako mie ningegawa kwa mwili na meno: M6, M8, M10 ya 1.25, M10 nyingine, M12 na zaidi. Nati na washa kila moja na chombo chake, bila ya kujali saizi, unachagua kwa jicho. Stenlesi peke yake. KUSHOTO peke yake. Nati za matairi kwenye mifuko iliyoandikwa jina la gari. Na kopo moja kubwa la vile vidude visivyo na jina. Kila kopo likijaa, kabla ya kutia kimoja ndani toa kimoja, kilicho kibovu zaidi. M6 na M8 za kawaida zisipite kopo moja kila moja.

Kwa kitu unachokifungua leo na utakifunga wiki ijayo, usitie debeni wala kopoini. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava la injini, toboa matundu kwa bisibisi pale bolti zinapokaa, uchomeke kila bolti mahali pake. Kava la pikipiki lina M6 za urefu tofauti. Ndefu ikienda kwenye tundu fupi inagonga chini, wewe unaendelea kukaza, na kava au kesi ya injini inapasuka. Na sehemu kubwa ya madebe yako, nadhani, imetokana na hapo: bolti zilizobaki baada ya kufunga. Vespa haina bolti ya ziada, mwanangu. Kama imebaki moja, kuna mahali iko tupu.

Tumalizie na shemeji. Usimuuzie kabla ya kupitisha sumaku na jicho, kwa sababu anayekununulia kwa kilo anaomba kwa bei ya chuma, na humo ndani mna shaba njano, shaba nyekundu, alumini na stenlesi, ambazo zote zina bei yake. Vitu vya shaba, vikiwemo viungo vya mabomba na nati za bomba, vipime mbali. Stenlesi mbovu vile vile. Chuma cha kutu kilichobaki mpe, na umwambie akikutana na Honda iliyokufa au charahani bovu huko anakopita akupigie simu kabla hajalipakia kwenye gari. Biashara ya shemeji iwe na faida pande zote mbili.